Spika na Vitanda Sita

Sokoni walimwita Spika, na jina lilimkaa sawasawa. Akinadi mashati ya mitumba mwanzo wa soko, wa mwisho wa soko wanageuka. Kwa koo hilo alikuwa amelea wanawe watatu, na hakujaliwa kuona haya.

Mama yake alipopata kiharusi, aliuguzwa miezi yake ya mwisho kwenye kituo kidogo cha muuguzi mmoja mstaafu. Muuguzi huyo alimwosha, alimgeuza, alimchekesha, wala hakumtoza hata senti. Baada ya mazishi Spika alirudi kushukuru, akamkuta muuguzi amepiga magoti anamlisha mgonjwa kwenye godoro sakafuni. Vitanda vilikuwa vimeliwa na kutu.

"Dada, umeomba msaada?"

"Nimeandika barua mpaka vidole vimeota sugu. Hakuna anayejibu."

"Barua hutupwa. Mimi nitatupwa wapi na mwili huu? Niachie."

Kesho yake alifunga biashara saa nane mchana, akaanza kupita duka kwa duka. Hakuomba "chochote ulichonacho". Kila mtu alimwomba kitu chake: fundi wa kuchomelea, kazi ya siku mbili; mshona mapazia, mashuka; muuza rangi, kopo moja. Aliyejitetea kuwa hana kitu aliombwa asubuhi moja ya Jumamosi, aje kufua. Watu walicheka, wakakosa pa kukwepea, wakakubali.

Akabaki mwenye duka la vyuma, mzee aliyebandikwa jina la Kufuli kwa ubahili wake. Bila mabomba yake, vitanda vingebaki maneno tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni mchango, geuza. Nilishawahi kuchangia yatima, kumbe mkusanyaji anajijengea nyumba."

"Una haki ya kukasirika. Basi sikuombi kitu. Twende ukaone mwenyewe. Ukisema hapana, sikanyagi hapa tena."

"Hata kunadi mbele ya duka langu?"

"Hata kunadi."

Hapo mzee akachukua kofia yake.

Kituoni alisimama mlangoni. Muuguzi, naye umri umekwenda, alikuwa anahangaika kumwinua mwanamume mzima kutoka sakafuni. Kufuli akatupa kofia pembeni, akamshika mgonjwa kwapani, wakamwinua pamoja. Alipopata pumzi akauliza, "Mnataka mabomba ya unene gani?"

Wiki ya tatu vitanda sita viliingia, vinanukia rangi mbichi. Kufuli alishikilia kwamba orodha ya kila kilichotolewa, na kilikotumika, ibandikwe ukutani, wote waione. Muuguzi akakubali kwa moyo mweupe. Waliotoa walikuja kuisoma, wakatafuta majina yao, na wengine wakauliza kinachopungua.

Spika alikuwa uani, ameinua uso kwenye paa linalovuja, anahesabu mabati kwa kidole.