Saa Nzima Kati ya Kengele na Treni

Watu wa shamba la chai la Nahorguri wana saa yao, na hawamwombi mtu radhi. Jua la huku Assam huamka mapema kama mama mkwe, likawakuta wakubwa wa Delhi bado wanakoroma. Wazungu waliopanda chai hii zamani waliona heri wasogeze saa kuliko kulipoteza jua, basi wakaisogeza mbele saa nzima. Wazungu walikwenda zao, saa ikabaki. Ndiyo maana kengele ya shamba ikigonga saa kumi alasiri, pale kituo cha treni, mwendo wa kumaliza muwa mmoja, saa ya reli inasema ni saa tisa. Mgeni hubabaika siku mbili tatu, kisha huzoea.

Sukurmoni Bhumij alizaliwa ndani ya saa hiyo ya shamba na hakujua kama kuna nyingine. Mama yake, Etwari, alikuwa mchumaji wa chai, na akitoka kazini aliwauzia abiria vitumbua vya mchele na ufuta. Mwaka ambao mguu wa Etwari ulivimba ukakataa kiatu, alimkabidhi bintiye kikapu. "Kauze kwenye treni ya saa kumi," alimwambia. "Na usizubae."

Sukurmoni akazubaa. Alikuwa bado anahangaika na sari yake pale kengele, kile kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi ya shamba, ilipogonga saa kumi. Alitoka mbio kikapu kichwani. Alipofika kituoni hapakuwa na treni wala abiria. Palikuwa na mbuzi wawili, na kijana wa reli mwenye bendera kwapani. Msichana akaangua kilio.

"Vipi tena, dada? Umefiwa?"

"Treni imeniacha! Leo mama ananichinja."

"Treni ipi hiyo?"

"Ya saa kumi! Kengele imegonga, nimeisikia kwa masikio yangu haya."

Kijana alicheka mpaka bendera zikamponyoka. "Hiyo saa kumi ni yenu huko kwenye chai. Treni yetu haichumi majani. Kaa hapo, umewahi."

Akakaa. Kijana huyo, Lakhan Ghatowar, alimmiminia chai ya chumvi kutoka chupa yake, akala kitumbua, akasema kimepungua ufuta. Waligombana juu ya ufuta hadi treni ikapiga honi, nusura vitumbua visahauliwe bila kuuzwa.

Kesho yake Sukurmoni alijua vizuri sana treni inakuja lini. Kengele ilipogonga, alitoka mbio vilevile.

Siku ya harusi yao, huku akimpaka manjano usoni, Etwari alimnong'oneza: "Treni ile nimeiuzia tangu wewe hujazaliwa. Ulidhani mimi sijui inafika saa ngapi?" Sukurmoni aliona haya hadi kucha, na mama yake akaendelea kumpaka kana kwamba hakusema kitu.

Waliishi kwenye safu ya nyumba za wachumaji, na anayezijua nyumba zile anajua kwamba ukipiga chafya kwako jirani anakuombea afya. Kulikuwa na wakwe, kuku, wageni wasioaga. Lakini kila siku ya kazi, kengele ilipowatoa watu shambani, Sukurmoni alitua kikapu cha majani, akachukua cha vitumbua, akaenda kituoni. Kwa shamba, kazi yake ilikuwa imekwisha. Kwa reli, treni ya Lakhan ilikuwa bado. Saa ile iliyobaki katikati haikuwa na bwana wala nyapara, wakaikalia wao wawili kwenye benchi. Hapo walicheka, walinuniana, walimpatia binti yao jina la Renuka, na hapo Lakhan alilia babake alipofariki, maana nyumbani alitakiwa kuwa mwanamume. Sukurmoni alikuwa na mapenzi ya saa moja kwa siku, na alimhurumia kila mke aliyekuwa na siku nzima asijue aifanyie nini.

Lakhan alikufa kwa homa wakati wa mvua. Sukurmoni alikuwa ameshastaafu, akabaki akiishi na binti yake, Renuka, na mjukuu, Jhumi, mtoto wa miaka minne mwenye maswali ya hakimu. Aliendelea kwenda kituoni. Abiria wa siku hizi wanakula biskuti za pakiti, kwa hiyo vitumbua vilirudi nyumbani vimepoa.

"Mama, hii ni biashara gani?" Renuka alimuuliza.

"Ya wazee. Niache nayo."

Renuka akamwacha. Alijua mama yake hana raha nyingine, ingawa hakujua raha yenyewe ni nini. Pale benchini Sukurmoni alikaa upande wake, upande wa Lakhan akauacha wazi. Hakutaka mtu aukalie, hata wa kwake. Kila mtu ana uchoyo wake, na wake ulikuwa huo.

Sasa ndipo serikali ya jimbo ilipopata wazo: kwa nini jimbo zima lisisogeze saa mbele, ili watu watumie mwanga wa jua wa bure badala ya kuwasha taa? Nahorguri walicheka. Jambo walilokuwa wakilifanya tangu enzi za babu zao leo limekuwa uvumbuzi! Hata hivyo kulikuwa na mabishano mpaka kwenye foleni ya maji, na iliposikika kwamba maofisa wanakuja Jumapili kukusanya maoni, katibu wa chama cha wafanyakazi, Budhua Tanti, alikuja mbio kwa Sukurmoni.

"Bibi, utasema wewe. Nani ameishi saa ya shamba kukushinda? Waambie ni nzuri, waieneze jimbo zima."

"Na treni je?"

"Treni nayo itafuata. Kengele ikigonga saa kumi, treni hiyo hapo! Hakuna tena kusubiri."

Sukurmoni alisema sawa, lakini usingizi ulimpaa. Hakuna tena kusubiri! Walitaka kuichukua saa yake, ile aliyobakiza ya Lakhan, waikunje kama mkeka. Ikifika Jumapili angesimama akatae, na sababu angeitafuta hukohuko.

Watu walijaa uwanjani mbele ya banda la kupimia majani. Banwari mwenye duka, ambaye ana saa mbili ukutani, alitangulia. "Mimi napinga. Asubuhi nafungua kwa saa ya reli, jioni nafunga kwa saa ya shamba. Mkizilinganisha, nitapumzika lini?"

"Kaa chini, mvivu wewe!" watu walimzomea. "Siku moja utafunga kabla hujafungua!"

Mwingine alisema ng'ombe wake hawatakubali kukamuliwa kwa amri ya serikali. Sukurmoni alishika magoti ainuke. Kabla hajainuka, Renuka alikuwa amesimama.

"Mimi nafundisha shule ya serikali, huko nje tunafuata saa ya reli," alisema. "Mume wangu yuko barabarani na lori. Mtoto wangu analelewa nyumba ya watoto hapa shambani, na hiyo inafungwa kengele ya saa kumi ikigonga. Mimi nikifika kwa baiskeli, ni saa kumi ya reli. Hiyo saa nzima mtoto anakaa peke yake pale ngazini. Juzi nilimkuta amelala, kichwa kwenye zege, nzi mdomoni. Sijui umeme wala taa. Mimi nataka saa iwe moja tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Sukurmoni hapo alikuwa na uchungu wa wawili, binti na mjukuu. Alijisikia vibaya kama aliyeshikwa akiiba. Saa ileile! Wakati yeye analinda nafasi ya marehemu benchini, mjukuu wake alikuwa akilala kwenye zege.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mbele ya watu wote, kama wako jikoni.

"Una biashara yako, mama. Ningekuvurugiaje?"

"Haya, Bibi," Budhua alimhimiza, "waambie maofisa."

Sukurmoni aliwatazama wale maofisa na kalamu zao. "Nilikuwa na neno, limekwisha. Saa zenu fanyeni mtakavyo. Jhumi nitamchukua mimi."

"Kwani uko upande gani, Bibi?"

"Wa mtoto. Na wewe Budhua acha kunifokea, nimekupakata ukiwa uchi."

Watu walicheka, Renuka akacheka huku akijifuta macho, na mkutano ukaendelea kubishana hadi ukachoka. Maofisa walikunywa chai, wakaondoka. Mpaka leo hatujasikia walichoamua, na saa zetu bado ni mbili.

Jumatatu kengele ilipogonga saa kumi, Sukurmoni alikuwa mlangoni pa nyumba ya watoto, kikapu mkononi. Walikwenda kituoni pamoja. Mtoto alipoona reli tupu, mdomo wake ukaanza kutetemeka.

"Bibi, treni imetuacha?"

Sukurmoni alilitazama benchi. Kisha akapangusa vumbi upande wa Lakhan kwa ncha ya sari, akamnyanyua mtoto, akamweka hapo.

"Kaa hapo," alimwambia. "Umewahi."