Zawadi ya Kuondoa Haya

Tangu amwoe Marlène, Sadrack hajawahi kusimama mbele ya mama mkwe wake wakaongea. Msimcheke. Kwetu upande huu wa Katanga ndivyo ilivyo kwa wengi: mwanamume na mama wa mkewe hawasemeshani wala hawali pamoja. Mmoja akitokea njiani, mwingine anajidai kuna kitu amepoteza majanini. Ukiwa na neno unampa mkeo, mkeo anampelekea mama yake, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo, mara nyingine limeongezwa chumvi. Hali hiyo inaendelea mpaka siku mkwe atakapoleta zawadi ya kuondoa haya. Mama akiipokea kwa moyo mweupe, anamwita mezani, basi yamekwisha. Na Sadrack zawadi hiyo alikuwa anaileta mwezi ujao, kila mwezi.

Marlène ndiye aliyechoka. Mama yake alikuja kuwasalimia Kolwezi, na mtoto wao Jessica akauliza mbele ya wageni kwa nini papa yake amejificha nyuma ya jiko. Aibu gani ile! Wageni walipoondoka Marlène alimkalisha mumewe chini akamwambia safari hii hakuna mwezi ujao. Tena asithubutu kununua kitenge, maana mama ana vitenge mpaka sanduku halifungi. Mama Ndaya ni mkulima. Ni mjane, analima peke yake mahindi na viazi vitamu nje kidogo ya Tenke, ukishavuka reli. Anunuliwe kitu cha kazi.

Kitu cha kazi! Neno zuri, lakini mwambie seremala kitu cha kazi, atakuletea randa. Sadrack ni mchimbaji. Ujana wake wote ameumaliza kwenye mashimo ya shaba na kobalti, akitoka ardhini mwekundu mpaka kope. Kazi aliyoijua ilikuwa hiyo moja, na duka alilolijua lilikuwa lile la Blanchard, ambako wachimbaji wote wa mtaa wake hununua vyombo vyao. Akaenda hukohuko, kifua mbele.

Na nisimwonee, alichagua kwa akili. Buti za mpira, kwa sababu shambani asubuhi kuna umande na nyoka. Tochi ya kuvaa kichwani, kwa sababu mama anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, na mikono yake ina mizigo. Kamba nene ya kufungia mazao. Magunia magumu ambayo mahindi hayayatoboi wala panya hayawezi. Mwisho akachukua mtalimbo, ule mchuma mrefu wa kuvunjia mwamba, kwa sababu alikumbuka Marlène akisema kuna kisiki katikati ya shamba kinachomsumbua mama tangu mumewe afariki. Blanchard akamuuliza kama amepata shimo jipya. Sadrack akacheka, akasema hapana, ni zawadi za mama mkwe. Blanchard naye akacheka, lakini kicheko cha mtu asiyeamini.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sadrack yeye kamba aliiweka begani. Waliposhuka kwenye gari pale Tenke, Marlène akiwa amembeba Jessica mgongoni, mume alibakiwa na mzigo wote: mtalimbo bega hili, kamba bega lile, magunia kwapani, buti zimening'inia shingoni. Na tochi, kwa kuwa hakuna mkono uliobaki, akaivaa. Mchana kweupe. Akapita hivyo katikati ya soko, akisalimia kulia na kushoto, kwa maana anajulikana pale: ni yule mkwe wa Mama Ndaya, mchimbaji wa Kolwezi. Akavuka reli, akaelekea shambani. Sasa wewe ungekuwa umekaa sokoni unauza samaki wako wakavu, ungefikiri nini?

Zawadi ziliwekwa mlangoni pa nyumba ya mama, karibu na shamba, Sadrack mwenyewe akarudi nyuma ya nyumba kama desturi inavyotaka, akawa anatega sikio. Alimsikia Mama Ndaya akicheka. Marlène alikuja kumwambia kwamba mama amezivaa buti papo hapo na amekataa kuzivua, anatembea nazo ndani kama askari. Amesema mkwe ameona mbali. Lakini kumwita mezani bado. Amesema kwanza avijaribu vyombo kazini, kisha ataona. Sadrack akajisikia vizuri hata hivyo. Usiku ule alilala fofofo.

Asubuhi Mama Ndaya alikwishatangulia shambani na buti zake, tochi kichwani na mtalimbo mkononi, akakishambulia kile kisiki. Mwanamke yule ana mikono, nawaambia. Aliuchomeka mtalimbo chini ya mizizi, akaulalia kwa uzito wake wote, akazunguka, akarudia. Wanaopita njia ya mtoni walimwona amezama mpaka kiunoni ndani ya shimo, taa inawaka kwenye paji la uso, udongo unaruka. Hawakumuuliza kitu. Watu wa kwetu wakishaona kitu cha namna hiyo hawaulizi, wanakimbia kuambia wengine.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Saa sita haijafika, vijana walikuwa wamejaa njiani kandokando ya shamba, kila mmoja na mtalimbo wake, wengine wametoka upande wa Fungurume kwa pikipiki. Aliyewaongoza aliitwa Merdi, kijana mpole wa maneno, na hao wapole ndio wabaya. Mama Ndaya alikuwa ametoka shimoni, amesimama mwanzo wa mistari ya mahindi yaliyofika magotini, jembe mkononi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwa wa kwanza kulionja lile jembe. Lakini jembe moja litawazuia vijana wangapi, na mpaka lini? Marlène akaenda mbio kumwita mumewe.

Sadrack alipowaona alielewa yote mara moja. Huo mtalimbo ameuleta nani? Tochi ameileta nani? Alijua kitakachofuata kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu amekifanya mwenyewe kwenye mashamba ya watu. Shimo la kwanza ni la kujaribu. La pili ni la jirani wa yule wa kwanza. Wiki ikipita hakuna shamba tena, kuna vichuguu na matope, na mwenye shamba anahamia kwa binti yake kula kwa kuomba. Hata serikali haiwezi kumsaidia, maana ardhi ukiilima ni yako, kilicho chini yake si chako.

Akamwendea Merdi, akamwambia hapa hakuna kitu, ni kisiki tu. Alisema kweli tupu. Merdi akatikisa kichwa kwa heshima, akajibu kwamba mtu aliyepata kitu angesema maneno hayohayo. Sadrack akaapa. Merdi akasema mtu aliyepata kitu angeapa pia. Utamjibu nini mtu kama huyo? Mwishowe Sadrack akasema ngojeni hapo njiani, niende shimoni niwainulie mizizi iliyobaki muione, kisha mtuache. Wakakubali. Akazunguka mbali na mama mkwe wake, macho chini, akaingia kwenye shimo la kisiki.

Akainama kushika mzizi, na chini ya mzizi akaona kijani.

Siyo majani, ni jiwe. Alilisugua kwa kidole gumba, akalilowesha kwa mate, na jiwe likang'aa kama mboga ya sombe iliyotiwa mawese. Lilikuwa malakiti, jiwe lenye shaba, mshipa mzima, mnene kuliko mkono wake, unateremka ardhini. Jamani, Sadrack ametafuta mshipa wa namna ile tangu ana ndevu mbili kidevuni, akiokota makombo ya wenzake, na leo umejileta wenyewe chini ya shamba la mama mkwe wake. Nitasema ukweli wake: aliutaka. Aliutaka mpaka mate yakamjaa mdomoni. Aliona nyumba ya matofali, aliona pikipiki, akaona mpaka rangi ya pikipiki. Ilikuwa nyekundu.

Kisha akamwona Godefroid, jirani yake wa Kolwezi, aliyechimba ndani ya jiko lake mwenyewe. Alipata mawe kweli, na watu walimwonea wivu. Mvua ya kwanza ukuta ukaingia shimoni, na sasa mke wake anapika kwa shemeji. Sadrack alikaa mle shimoni akimwaza Godefroid muda mrefu kuliko inavyohitajika kung'oa mzizi, mpaka Merdi akapiga mluzi.

Akang'oa mzizi, akawatupia njiani mkubwa kama mguu wa ng'ombe. Akapanda juu, akaanza kusukuma udongo kurudi shimoni kwa mikono. Mikono haikutosha. Akageuka bila kumtazama mtu, akasema kwa sauti kwamba anahitaji jembe, na mbegu ya viazi. Mama Ndaya alisimama kidogo. Kisha akaja mpaka ukingoni, akaliweka jembe chini, akarudi nyuma hatua chache. Marlène akaleta mashina ya matembele.

Basi watu wakaona maajabu. Mchimbaji wa Kolwezi analima tuta! Tena analilima vibaya, limepinda, linapanda na kushuka, jembe analishika kama mtalimbo. Akachomeka mashina ya viazi moja moja juu ya pale pale palipokuwa shimo, jasho linamtiririka, huku vijana wakimcheka mpaka wengine wanakaa chini. Merdi alikuwa wa mwisho kucheka. Aliangalia tuta, akamwangalia Sadrack, akafikiri. Mwisho akawaambia wenzake waende zao, kwa sababu mwenye akili timamu hapandi viazi juu ya shaba, na huyu mtu hata viazi hajui kupanda. Wakaondoka wakimtania, na pikipiki zao zikasikika mpaka ng'ambo ya reli.

Marlène alimchukua mtoto akaenda kuwasha moto. Sadrack akabaki anapigapiga tuta lake kwa bapa la jembe, akijua mama mkwe bado amesimama nyuma yake, asijue aondokee upande gani bila kuvunja adabu. Na hapo Mama Ndaya akasema, yeye mwenyewe, bila mtu wa katikati:

"Umeiona."

Sadrack alilishika jembe kwa nguvu. "Nimeiona, mama."

"Mi niliiona asubui, wakati kisiki kilitoka. Bale batoto mi sikubaogopa, tata. Niliogopa weye."

Ilimwingia mpaka mfupani. Na kilichouma zaidi ni kwamba mama hakukosea. Alitafuta la kujibu, akalikuta moja tu, na lilikuwa la kweli.

"Na mi nilijiogopa, mama."

Mama Ndaya alilipokea jembe kutoka mkononi mwake, akanyoosha tuta palipopinda kwa mapigo mawili matatu, kama mtu anayemrekebishia mtoto kola ya shati. Kisha akamwambia bukari, ugali wa kwetu, ikipoa haifai, waende.

Walikula sahani moja. Sadrack alikuwa anamega vidonge vidogo kama vya kulisha kifaranga, na mama akawa anamsukumia samaki upande wake. Marlène alimtazama huyu, akamtazama yule, furaha imemjaa na umbea umemzidi. Akauliza ni nini hasa walichokuwa wanaongea kule shambani.

Mama yake akamwambia ale, hayo ni mambo ya mtu na mkwe wake.