Gunia Dirishani

Mtaa mzima ulimwita Saruji, naye hakulikubali jina hilo wala hakulikataa, kama watu wanavyofanya na kipara. Alilipata akiwa na miaka ishirini na mitano. Baba yake, fundi wa chokaa na mwana wa fundi wa chokaa, alilazwa hospitali wiki moja, na kijana akaona ndiyo nafasi ya kuleta maendeleo nyumbani. Alibandua lipu yote ya chokaa kwenye ukuta wa mbele, akapiga ya saruji. Siku nne, kazi imekwisha. Kwa chokaa angetumia mwezi na zaidi.

Baba aliporudi aliupapasa ukuta kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Umeuvalisha koti la mpira," alisema. "Nyumba ya mawe hutoa jasho. Sasa jasho lake litatokea wapi?"

Dada mkubwa peke yake ndiye aliyemtetea ndugu yake. "Baba, mwache. Mbona ukuta umependeza?"

Baba hakubishana. Aliosha mwiko wake, akautundika msumarini, na hakuushika tena mpaka anazikwa.

Jasho lilipata pa kutokea. Lilitokea ndani, chumbani kwa dada, ghorofani. Kwa miaka thelathini na minane unyevu ulipanda ukutani, rangi ikajimenya kama kitunguu, naye dada akakohoa. Kila alipokohoa, Saruji alikumbuka jambo la kufanya chumba kingine. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kurudi kwenye chokaa, tena kwa ukali ule wa mlevi aliyeacha pombe. Hakuna aliyeweza kutaja saruji mbele yake bila kupewa hotuba. Jina lakini lilibaki.

Kisha mtaa wao ukatangazwa kuwa wa kihistoria, maana yake huwezi tena kupigilia msumari bila barua. Ikaja ofisi ya majengo ya kale, ikaja na mradi wa kurudisha kuta kama zilivyokuwa. Afisa wake alikuwa binti mwenye adabu na kamera.

"Mradi ni wa nje tu, mzee. Ndani ni shauri lenu."

"Ndani kuna mgonjwa."

"Pole sana, mzee." Aliandika kitu. "Nje iwe nyeupe."

Saruji aliiomba kazi hiyo mwenyewe, akaanza kwa kuivunja ile ya ujanani. Lipu ya saruji ilidondoka mapande mapande, na nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa na kulainika kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai. Aliyatazama kwa muda. Kisha akapanda juu kumpa dada habari njema.

"Ukuta huu ukikauka, dada, kifua chako kitafunguka."

"Nani amekulalamikia kifua?"

Kweli, hakuwa amelalamika. Miguu yake ilikuwa imegoma mwaka wa pili sasa, na alichobakiwa nacho ni kiti na dirisha. Kutoka hapo aliuendesha mtaa. Alijua nani amefungua duka kachelewa, nani hasemezani na nani, na mpiga pasi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akimwinulia mkono kila asubuhi kabla hajawasha makaa.

Lakini chokaa ina masharti. Hukauka polepole au hupasuka. Ukuta ule hupigwa na jua tangu adhuhuri, kwa hiyo baada ya tabaka la mwisho Saruji alitandaza magunia kutoka ukingo wa paa mpaka chini, akawa anayamwagia maji mara tatu kwa siku. Siku ishirini na moja. Gunia moja liliangukia dirisha la dada.

"Limeandikwa," dada alisema siku ya pili. "Kwa ndani nasoma kinyumenyume. Nimehangaika nalo jana kutwa. Linasema, 'Kahawa. Weka pakavu.'"

"Ndiyo."

"Na wewe unalimwagia maji. Hata kusoma hujui."

Binti yake dada, aliyekuwa akimuuguza, alimfuata mjomba wake kwenye jukwaa la ujenzi, nje ya dirisha. "Mjomba, kata tundu tu. Hata la kutoa uso."

"Upepo wa moto utaingia hapo hapo. Lipu ya kuzunguka dirisha ndiyo nyembamba kuliko zote. Itapasuka."

"Si ipasuke!"

"Nyumba hii ilishafanyiwa haraka mara moja," alisema Saruji, na kila mtu alimjua aliyeifanya haraka hiyo.

Walitaka kumhamishia chumba cha nyuma. Dada alikataa. "Cha nyuma kinatazamana na ukuta wa jirani. Kama ni kutazama ukuta, nitazame wa kwetu."

Ndipo wakapatana. Saruji angekaa jukwaani, upande wa nje wa gunia, amsimulie mtaa. Alikuwa msimuliaji mbovu kupindukia.

"Anapita mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu. Ana mfuko."

"Wewe mdogo wangu ungetangaza mpira redioni, watu wangedhani ni msiba."

Hata hivyo alijifunza. Kufikia siku ya kumi alikuwa anaona kwamba mpiga pasi ananyoosha shati moja kwa nusu saa kila mwenye duka la vitambaa anapopita. Dada alicheka mpaka akakohoa. "Hilo nalijua tangu mwaka juzi," alisema, "ila endelea." Na kila siku, mwishoni, aliuliza zimebaki ngapi.

Siku ya kumi na saba, saa tisa alasiri, ilipita baiskeli yenye mnyororo uliolegea.

"Dada, yule wa baiskeli bado hajatia grisi."

Kimya. Alidhani amenuna, au amesinzia. Akasubiri kidogo. Kisha akachukua ndoo, akalowesha gunia la dirishani, akalowesha ya kushoto, akashuka kuongeza maji, akalowesha ya kulia mpaka chini. Kazi ya chokaa haikatishwi katikati. Alipomaliza ndipo alipopanda ngazi za ndani.

Baada ya mazishi binti alimwuliza jambo moja tu. "Mjomba, ukuta umekauka?"

"Bado siku mbili."

Siku ya ishirini na moja aliyashusha magunia. Aliupitia ukuta kwa vidole, hatua kwa hatua, na kuzunguka dirisha alirudia mara tatu. Alitafuta ufa kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Hata mmoja wa unene wa unywele hakuupata. Watu waliosimama barabarani walisema hawajawahi kuona kazi kama ile, na walisema kweli.

Afisa alifika na kamera yake. Alifurahi sana.

"Mzee, naomba utufungulie dirisha la juu, picha ipendeze."

Alipanda. Kiti kilikuwa pale pale. Alifungua dirisha, na mtaa wote ukaingia kwa mpigo: makaa, mwanga, kelele, shati jeupe mkononi mwa mpiga pasi, ambaye aliinua mkono kwa mazoea, akamwona ni nani, akaushusha.

"Mpiga pasi yupo," Saruji alisema kwa sauti ya chini. "Ana shati."

Kule barabarani afisa alikuwa amefumba jicho moja. Alimpungia kwa upole: asogee pembeni kidogo, anaonekana kwenye picha.

Akasogea.