Maziwa ya Mama Poni

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mvua, mwanangu, Juba ikiwa bado nusu usingizini na ukungu wa Nile umetambaa hadi barabarani, nikaona ndoo ya aluminiamu ikielea angani peke yake. Ilikuja polepole, ikimetameta. Kisha chini yake ukatokea uso, na chini ya uso kitambaa cha kijani kilichofungwa begani, ndipo nikamjua Mama Poni, aliyekuwa akituletea maziwa hotelini. Hata leo nikifumba macho naiona ile ndoo kabla sijamwona yeye.

Umeniuliza swali dogo: maziwa gani yanafaa kupigwa mvuke kwa kapuchino. Jibu lake nitakupa, wala si refu. Lakini mimi nililipata kwa njia ya aibu, na aliyekula embe hapaswi kuficha kokwa. Kaa kidogo.

Nilikuja Juba kutoka Kitale nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne. Nilipata kazi katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat, mashine ya kahawa ikawa mikononi mwangu. Ilikuwa kubwa, ya rangi ya fedha, na kila asubuhi nilijiona ndani yake nikiwa nimerefuka kama malkia. Watu wa benki na wa mashirika walisimama mbele yangu wakisubiri, nami niliwachorea jani juu ya povu. Wakinisifu, nilijifanya sikusikia, lakini nilikuwa nasikia vizuri sana.

Maziwa tuliyotumia yalikuwa ya pakiti, yakitoka Uganda kupitia mpakani Nimule. Mvua ikiharibu barabara, malori yalikwama huko, sisi tukabaki na maziwa ya unga yasiyoshika povu. Ndipo meneja wetu, Bwana Tesfai, Mweritrea mpole asiyependa kelele, akamtafuta Mama Poni. Alikuwa Mbari, kabila la wenyeji wa pale, wa mtaa wa Juba Na Bari. Alikaa uhamishoni Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kikichanganyika na Kiarabu cha Juba. Shemeji yake alikuwa na ng'ombe ng'ambo ya mto, naye Mama Poni alivuka alfajiri kwenda kuwakamua mwenyewe.

Mwanangu, maziwa yale! Jikoni waliyachemsha, wakayapoza, wakayatia kwenye friji hadi jagi likatoa jasho. Nilipoyafungulia mvuke yalizunguka taratibu bila kelele, yakang'aa kama rangi iliyopakwa sasa hivi. Hayakutaka sukari. Mgeni mmoja mzee alikunywa akafumba macho, akaniambia amekumbuka kwao. Siku zile nilikuwa nikifanya kazi kama mtu anayeota. Mvuke mbele yangu, mvua juu ya mabati, na harufu ya kahawa ikizunguka chumba kizima.

Kisha wageni wakaongezeka, nami nikaingiwa na pupa. Niliona maziwa baridi yananichelewesha. Nikawaza, kwa nini nisiyapashe moto kidogo kabla? Nikaanza kuliweka jagi juu ya mashine, pale tunapopasha vikombe, likae tayari. Sikumwambia mtu. Niliona nimegundua jambo.

Tangu siku ile povu likaharibika. Yalitoka mapovu makubwa kama ya sabuni, yakapasuka kabla kikombe hakijafika mezani, na maziwa chini yake yakawa na ladha ya kuungua. Mhasibu mmoja, Mkenya mwenzangu, alirudisha kikombe mara mbili asubuhi moja. Bwana Tesfai akaja kuniuliza kuna nini. Wahudumu walikuwa wamesimama, wote wakinitazama mimi niliyezoea kusifiwa. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema, "Ni yule mama wa maziwa. Ameanza kutia maji."

Sikuwa nimemwona akitia maji. Sikuwa hata nimelifikiria jambo hilo kabla mdomo wangu haujafunguka.

Kesho yake Bwana Tesfai alimpokea langoni akamwambia kwa heshima kwamba hatutahitaji maziwa yake tena, na sababu yake akamwambia. Mama Poni hakubishana. Alisema tu kwamba hajatia maji, kisha akanitazama mimi kupitia dirishani. Mimi nikaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa tayari. Nilipoinua uso, amekwenda.

Juma lile lori likafika na maziwa ya pakiti. Nikayaweka juu ya mashine kama kawaida yangu. Povu likawa lilelile la sabuni. Nikafungua pakiti nyingine, nayo nikaipasha vilevile, likawa lilelile. Asubuhi moja jagi langu lilimalizika wageni wakiwa wamejaa, nikachomoa pakiti kwenye friji, nikayamimina maziwa yake na kuyapiga mvuke yakiwa baridi vilevile. Yakatulia mkononi mwangu, laini, yakazunguka na kung'aa kama maziwa ya Mama Poni.

Nilisimama pale nikihisi baridi ya jagi ikinipanda hadi begani. Kikulacho ki nguoni mwako. Maziwa yaliyokwisha kupata joto hayana muda wa kunywa hewa. Ukiyafungulia mvuke yanafika kwenye kuungua kabla povu halijajengeka. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Unadhani nilikwenda kusema siku hiyo? Sikwenda. Nilinyamaza siku tisa. Niliacha kuliweka jagi juu ya mashine, povu likarudi, sifa zikarudi, nami nikajiambia yamekwisha. Ndipo mhudumu mwenzetu aliyeishi Buluk, bila kujua lolote, akasimulia kwamba wanawake wa chai mtaani kwao nao wameacha kununua kwa yule mama, maana hoteli nzima imemfukuza kwa kutia maji. Alisema siku hizi anawagawia majirani maziwa yake yasimharibikie.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Juba Na Bari. Nilimkuta mlangoni kwake akiisugua ile ndoo kwa majivu na maji ya moto, akiinama hadi mkono wote umeingia ndani. Jua lilikuwa jeupe, na mto ulisikika nyuma ya nyumba ukipita bila haraka. Alinikaribisha kitini kama mgeni yeyote. Nikalia kabla sijaongea, kisha nikamweleza yote: jagi, mashine, uongo wangu, na zile siku tisa.

Aliendelea kusugua. Mwishowe akaisimamisha ndoo juani, akafuta mikono.

"Biniya," akasema, maana ndivyo wanavyomwita msichana pale, "hapa mto iko karibu. Kama mimi nataka maji, sihitaji kwenda mbali. Kila mtu anajua hiyo. Ndiyo sababu maneno yako waliamini haraka."

Nikamwambia naomba msamaha.

"Mimi nimekusamehe. Lakini sikiliza. Maziwa ikimwagika, kesho ng'ombe inatoa ingine. Jina yangu, nani atakamua tena?"

Akaingia ndani, akatoka amefunga kitambaa chake cha kanisani, akaniambia twende. Nilidhani ananisindikiza. Kumbe tunakwenda Buluk, kwa wale wanawake wa chai.

Mchana ule, mwanangu, sijui kama nilitembea au niliota. Joto lilikuwa limefanya barabara itetemeke kwa mbali. Yeye mbele, mimi nyuma, tukisimama penye kila jiko la mkaa. Alisimama kando, mikono ameikunja, akiniacha niseme mwenyewe kwamba mama huyu hakutia maji na kwamba mimi ndiye niliyemsingizia. Kwa wa kwanza nilirudia mara mbili ndipo akanisikia. Kwa wa tatu nilizoea. Wengine walicheka wakanimiminia chai. Mmoja alinitazama sana, akauliza kama nimelipwa kusema hivyo, akageukia birika lake.

Jumatatu nikamwambia Bwana Tesfai mbele ya walewale wahudumu. Alinitoa kwenye mashine, nikaosha vikombe hadi mwezi ukaisha. Sikunung'unika. Mama Poni naye alirudi kutuletea maziwa, na katika mwezi ule, kila akija, alikuwa akipita jikoni kwangu. Alinifundisha kuyaonja yakiwa yamepoa, na kujua kwa ulimi kama ng'ombe amekula majani mabichi ya mvua au makavu ya kiangazi. Alinionyesha kunusa kifuniko kabla ya kunusa maziwa, maana uchafu hukaa kwenye kifuniko. Niliirudia mashine nikiwa na mikono mingine.

Wateja wake wa Buluk walirudi, isipokuwa yule mmoja. Huyo hakununua tena kwa Mama Poni hadi mama yule alipoacha kazi kwa uzee. Nilipita kwake mara nyingi, nikamweleza tena na tena. Aliniitikia vizuri, akanipa chai, lakini hakuamini. Maji yakimwagika hayazoleki, na hata ukizoa, utapata tope.

Sasa jibu lako. Chagua maziwa mabichi ya siku hiyo, yenye mafuta yake yote, yachemshwe na yapozwe kabisa. Hayo hayana mpinzani. Ukikosa, chukua ya pakiti yenye mafuta, yatakutumikia. Yaliyotolewa mafuta hupanda povu refu lakini jepesi, mdomoni halina kitu. Yote yaanze yakiwa baridi, katika jagi safi na baridi. Kiganja chako kikishindwa kulishika jagi, zima mvuke. Na yaliyokwisha kupigwa mara moja usiyarudie.

La pili ndilo kubwa. Siku kazi yako itakapoharibika, na itaharibika, anza kutafuta kosa mikononi mwako kabla ya kulitafuta kwenye ndoo ya mtu. Ukilikuta ni lako, liseme siku hiyohiyo, maana kila siku unayonyamaza uongo wako unatembea mitaa usiyoijua. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Mungu aliyekuleta mji huu akulinde ndani yake. Abariki mikono yako iwe na subira, na ulimi wako uwe mzito kushtaki na mwepesi kukiri. Wanaokula jasho lao alfajiri wasipate hasara kwa sababu yako, na jina lako likitajwa mahali usipokuwapo, litajwe kwa heri. Amina, mwanangu. Nenda kafanye kazi.