Fundi Dorcas na geti lisilosubiri salamu

Saa moja asubuhi imepita kidogo, Pasiansi. Dorcas Mashimba yuko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, akiinamisha kisanduku cheupe kilichofungwa kwenye nguzo ya geti. Chini yake, kwenye kiti cha plastiki, Mzee Antoni Machibya, mlinzi wa geti, amekunja mikono na kumtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Mayu, shuka kwanza unywe chai," mzee anamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nikishuka nitapoteza pembe niliyoipata, baba. Subiri kidogo."

Kisanduku hicho ni kisomaji. Kila gari la yadi hii ya kusafirisha samaki limebandikwa stika kwenye kioo cha mbele, na ndani ya stika kuna namba ambayo macho hayaioni. Gari likisogea, kisomaji kinainasa namba hiyo kwa mawimbi, kompyuta inathibitisha kwamba gari linaruhusiwa, na mkono wa geti unainuka wenyewe. Hakuna wa kupiga honi wala wa kushuka kufungua. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kwa wiki nzima haijawa hivyo. Mkono wa geti umeshaangukia magari matatu, na leo ndiyo siku ya mwisho aliyopewa Dorcas. Likiangukiwa jingine kabla ya saa sita mchana, mashine itabaki, ila Mzee Machibya ataondolewa getini na kupelekwa nyuma, kwenye stoo ya barafu, zamu ya usiku. Mzee ana magoti mabovu, na amekaa kwenye geti hili tangu yadi ilipokuwa na malori mawili tu.

Dorcas mwenyewe hana cha kupoteza. Mzee akiondoka, geti litafanya kazi barabara na yeye atalipwa siku hiyohiyo.

"Meneja aliniambia, 'Dorcas, mashine yako haina shida, shida ni kile kiti,'" anamwambia mwandishi. "Sitaki kukudanganya, nilikaribia kukubali."

Dorcas ana miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Bujora, akajifunza umeme chuo cha ufundi, kisha akafanya kazi miaka kadhaa chini ya fundi mwingine aliyekuwa akifunga kamera na nyaya za umeme juu ya kuta za watu wenye nazo. Mwaka jana akaamua kujitegemea. Anaishi Kirumba, chumba na sebule, na binti yake Precious anayesoma darasa la nne.

Mwezi mzuri hupata mageti mawili, na kila geti humwachia kama laki tatu baada ya kutoa gharama. Mwezi mbaya hutengeneza feni na pasi za majirani, na majirani, anasema akicheka, hulipa kwa maneno matamu.

Kazi ya Pasiansi ilianza kwa sifa. Siku ya kwanza kisomaji kilinasa stika gari likiwa bado mbali, na meneja wa yadi, Yassin, akawaita wenzake waje waone. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dorcas akaongeza nguvu ya mawimbi hadi mwisho, lori likawa linafunguliwa geti likiwa ndiyo kwanza linaacha barabara.

Kesho yake yadi ikapata kelele za bati. Lori la dagaa lilifika, likakuta njia nyeupe, likaingia hadi chini ya mkono wa geti. Hapo likasimama. Muda uliopangwa ukaisha, mkono ukashuka taratibu na kulala juu ya bodi la lori.

Mafundi wenzake watauliza waya wa chini ulikuwa wapi, ule unaozikwa sakafuni ili mkono usishuke gari likiwa chini yake. Dorcas aliuomba. Kampuni ikakataa kukata zege, kwa kuwa samaki hawasubiri fundi amalize. Naye akakubali kuendelea bila huo waya, akiamini kwamba hakuna dereva mwenye akili timamu atakayesimama chini ya mkono wa geti ulioinuka.

Walisimama wote. Kiti cha Mzee Machibya kilikuwa ndani, hatua chache baada ya mkono, na kila dereva dirisha lake likifika usawa wa mzee hukanyaga breki.

"Sasa nitampitaje mzee kama nampita ng'ombe?" anauliza Pius, dereva wa lori la pili kuangukiwa. Pius ni Mhaya wa Bukoba, lakini geti hili limemfundisha Kisukuma cha salamu. "Namwambia mwangaluka, baba. Ananijibu. Ananiuliza mhola, yaani kwema? Namwambia mhola duhu, kwema tu. Halafu anauliza mtoto wetu mchanga anaendeleaje. Hapo nitamwambia subiri, geti linanidai?"

Dorcas alijaribu kwanza dawa ya kifundi. Akaongeza muda wa mkono kukaa juu. Mchana uleule bodaboda wawili wasiojulikana wakaingia nyuma ya lori wakati Mzee Machibya akiulizia hali ya mvua huko lilikotoka. Muda ukarudishwa ulivyokuwa.

Meneja Yassin naye akajaribu dawa yake. Akabandika tangazo la herufi kubwa: USISIMAME HAPA. Madereva walilitii kwa namna yao. Wakawa wanapita polepole huku wakitoa kichwa dirishani na kupaza salamu. Ikawa zamu ya mzee kuona haya kumjibu mtu aliyempa mgongo, basi akawa anainuka na kulifuata lori hadi amalize kuitikia. Siku ya pili ya tangazo, mkono ulimpitia karibu na sikio ukamwangusha kofia.

Ndipo Yassin alipotaja stoo ya barafu. Si mtu mbaya, na hata Mzee Machibya mwenyewe anamtetea. "Yeye ana magari ya watu. Likivunjika kioo anaulizwa yeye," anasema mzee. "Angeniambia niende, ningeenda. Ila kule nyuma nani atanipitia? Barafu haina habari."

Dorcas aliomba aachiwe Jumapili. Siku hiyo hakugusa geti. Alipanda gari hadi Bujora kumwona mama yake, na anasema alikwenda kwa sababu kichwa kilikuwa kimechoka, hakuwa na mpango mwingine.

Alipofika aliweka mfuko wake chini nje ya uzio, kama alivyofundishwa tangu mdogo. Akapiga goti, akamwamkia mama. Wakaulizana habari zote, za watoto, za mihogo, za ng'ombe wa jirani. Zilipokwisha, mama akasema, "Haya, ingia." Dorcas akabaki amepiga goti pale chini mpaka mama akamuuliza kama amepatwa na kizunguzungu.

"Niliona kosa langu," anasimulia. "Kwetu mtu husalimiwa nje, halafu ndiyo anakaribishwa. Mimi nilikuwa nimewafungulia mlango kwanza, salamu nikaiweka ndani. Na mimi ni Msukuma wa Bujora, sikutoka ng'ambo. Niliona aibu sana."

Ndiyo maana asubuhi hii kiti cha Mzee Machibya kimehamia nje ya mkono wa geti, upande wa barabara, chini ya kipande cha turubai. Ndiyo maana pia Dorcas anakiinamisha kisomaji kitazame chini na kupunguza nguvu ya mawimbi. Gari linatakiwa lifike kwa mzee bila kusomwa, lisalimie litakavyo, kisha lisogee hatua chache ndipo stika inaswe. Hapo mkono utainuka, na dereva hatakuwa tena na mtu wa kusimama kumsalimia.

Anashuka, anafungua kompyuta yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, anabonyeza hapa na pale. Meneja Yassin ametoka ofisini na amesimama mlangoni.

Lori la kwanza kutokea ni la Pius, likitoka soko la samaki la Mwaloni na mzigo. Linafika kwenye kiti, linasimama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Mtoto ameanza kucheka."

"Eeh, basi mlete siku moja nimwone."

Kisomaji kimya. Mkono umelala. Hilo ndilo Dorcas alilolitaka, na kwa mara ya kwanza anapumua. Lori linasogea, linafika kwenye mstari wa rangi nyeupe alioupiga mwenyewe, na mkono bado umelala. Pius anangoja. Yassin anatazama saa. Mzee Machibya ameinamisha uso na kutazama viatu vyake.

Dorcas anarudi kwenye ndoo. Amepunguza nguvu kupita kiasi, na kioo cha lori lile kimewekwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua inayokula mawimbi. Anapandisha kidogo, anaombea kimoyomoyo isipande hadi kwenye kiti, kisha anampungia Pius mkono arudi nyuma aanze upya.

Pius anarudi nyuma. Anakuja tena. Anafika kwa mzee, anasimama, anasalimia kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Mzee naye anaitikia yote, neno kwa neno, na anauliza tena habari za mtoto. Hakuna anayecheka. Lori linasogea hadi mstarini, taa ya kijani inawaka kwenye kisanduku, na mkono unainuka na kubaki juu hadi tairi la mwisho linapopita.

Magari mengine kumi na moja yanapita hadi saa sita bila kuguswa. Yassin anamwita Dorcas ofisini na kumwambia kwamba zege litakatwa siku ya mzigo mdogo, waya wa chini uwekwe, na kwamba mzee abaki alipo. Mzee anapopewa taarifa anavua kofia, anaivaa tena, na kumwomba Dorcas amsogezee kiti kidogo kwenye kivuli. Macho yake yana maji na hayafichi.

Dorcas anakusanya nyaya zake. Mezani kwake Kirumba kuna kazi nyingine, kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mageti manne ya makazi mapya huko Ilemela. Akiipata atakodi fremu ya duka na kuajiri msaidizi. Michoro ya wenye mradi ina visomaji, kamera na mikono ya geti. Haina mlinzi, si ndani wala nje.

"Nimewachorea kibanda kila geti, kwa kalamu, upande wa nje," anasema. "Wakisema hapana nitawabembeleza. Wakikataa kabisa nitawafungia mashine zao, kwa sababu Precious anakula na kodi inakuja. Najua kazi yangu inakoelekea. Ila atakayekifuta kile kibanda hatakuwa mimi."