Kutafuta Mwenye Kujua Kikroatia

Kazi ya ukalimani nilidhani nimeizika Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi ilipofungwa nikarudi Kasulu mjini, nikafungua kibanda cha fotokopi na kujiapiza kwamba maneno ya watu sitayabeba tena. Nilikuwa nimechoka. Ukikaa miaka mingi katikati ya watu wasioelewana, hata nyumbani kwako unajikuta huna la kusema.

Basi jirani yangu akaja na mkataba. Ni mama muuza maharage, asili yake Burundi, sasa raia wa hapa. Tunafahamiana tangu kambini. Binti yake alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka katika hoteli huko Kroatia, na mkataba ulikuwa wa Kikroatia mwanzo hadi mwisho. Alitakiwa kuusaini kabla ya Ijumaa.

"Simu imeshautafsiri, mama," binti alisema. "Kila kitu kiko freshi."

"Simu haina kwao," mama yake akamjibu. "Ukipotea nitaenda kumuuliza nani?"

Sikucheka. Kwetu neno la safari au la ndoa halipokelewi mpaka liwe na mtu aliyelileta, mwenye mji unaojulikana, ambaye mambo yakiharibika utakwenda kukaa mlangoni kwake. Kambini nilisomea watu karatasi nyingi, na wapo ambao mpaka leo wakikutana nami sokoni huniuliza habari za karatasi zile kabla ya kunijulia hali. Ndiyo maana nilichoka, na ndiyo maana nilimwelewa.

Nikapiga simu Dar. Wafasiri wa Kifaransa, Kichina na Kiarabu wamejaa tele; wa Kikroatia, wakaniambia, nimtafute nje ya nchi. Kwa yule mama, mtu wa nje ya nchi ni simu nyingine tu. Nikauliza kanisani, wakanielekeza kwa padri mzee, kumbe Mpolandi. Alitambua maneno mawili matatu, akaturudishia karatasi kwa upole. Mwishowe tukasikia kwamba Kibondo yuko sista mstaafu wa kutoka huko huko Kroatia.

Alhamisi tukaenda, sisi watatu. Sista alikuwa barazani akichambua mchele. Akasema yeye si mwanasheria, na lugha ile aliiacha kwao akiwa msichana. Kabla hajaanza, mama akamuuliza kama ataendelea kuishi hapa. Sista akanyoosha kidole kwenye makaburi ya masista nyuma ya kanisa.

"Nitakuwa pale," alisema.

Mama akaridhika, akakaa.

Sista akasoma polepole kwa Kiswahili, nami nikamtafsiria mama kwa Kirundi, ambacho na Kiha changu ni ndugu. Saa za kazi, siku ya mapumziko, chumba cha kulala, nauli ya kurudi. Kila kipengele kilipokwisha, mama aliuliza, "Hapo hakuna ubaya?"

"Hakuna, mama," sista alimjibu.

Kila alipouliza, sauti yake ilikuwa inapungua. Ukurasa wa mwisho ulipokwisha, sista akavua miwani na kusema ni mkataba mzuri. Binti akatoa kalamu. Mama hakumtazama sista wala binti yake. Alinitazama mimi, na hapo ndipo nilipojua alichokuwa akikitafuta wiki nzima.

"Kaka," akaniambia kwa Kirundi, "mwombe asome tena."

Binti akafunika kalamu yake. Sista akarudi ukurasa wa kwanza, nami nikatafsiri upya, kipengele kwa kipengele, nikiomba tukute kosa lolote la kumbakiza binti.