Janeffer Achuma Bahari

Wifi yangu Janeffer anaweza kubishana hata na mvua. Simsengenyi, nimelisema mbele yake, pale kanisani kwetu Chepilat, naye akacheka. Kwa hiyo siku binti yake Chepkemboi alipopiga simu kusema ameacha kufua mashuka ya hoteli huko Watamu, na sasa kazi yake ni kuwapeleka watalii chini ya bahari, nilingoja kelele. Hazikuja. Janeffer alifunga mzigo.

"Naenda kumrudisha," aliniambia, "na wewe Joan unanisindikiza."

Ilikuwa Februari ya tisini na saba, jua limekausha chai hata mashamba hayakuwa na la kutudai. Tukaenda.

Chepkemboi alitupikia ugali, akakaa, akasikiliza. Mama yake alizungumza juu ya papa, juu ya watu waliozama, na juu ya wanaume wazuri wa Sotik wanaotafuta wake. Alipoishiwa pumzi, msichana akajibu taratibu.

"Mama, kuja chini na mimi mara moja uone kazi yangu. Ukitoka huko na bado unataka turudi, nitapanga nguo."

Maji marefu kuliko yote aliyowahi kuingia Janeffer ni yale ya karai. Lakini ukitaka akubali jambo, mwonyeshe kwamba unadhani ataliogopa. Akakubali. Asubuhi mbili alifundishwa kupumua kwa mdomo kwenye kidimbwi cha hoteli, na ya tatu tukapanda boti. Mimi kazi yangu ilikuwa kutapika, na niliifanya kwa bidii.

Vazi la mpira lilimkataa. Tulivuta, nahodha akageuka asitazame, na Janeffer akauliza kama aliyelishona amewahi kuona mwanamke aliyezaa. Lakini alipofungwa mtungi wa hewa mgongoni, uso wake ulitulia kabisa. Uzito mgongoni na mikanda mabegani havikuwa vitu vigeni kwake. Amebeba kikapu cha chai tangu utotoni. Nilifurahi kumwona ametulia. Laiti ningejua.

Chepkemboi alitoa sheria moja tu: usiguse kitu. Matumbawe yako hai, yanakua polepole kuliko mti wowote, na anayevunja anapandishwa juu papo hapo.

Wakazama. Sikuwa nimemaliza hata kupangusa mdomo, wakaibuka, na msichana alikuwa amekunja uso.

Kumbe kule chini walikuta matumbawe laini, yamejaa machipukizi, yamefika usawa wa kifua. Kikapu kiko mgongoni, machipukizi yako mbele, na mikono ya Janeffer haikungoja ruhusa. Ilianza kazi, yote miwili, ncha kwa ncha, ikijaza kiganja na kurusha nyuma ya bega ndani ya kikapu ambacho hakikuwepo. Alikuwa anachuma bahari. Nahodha aliposimuliwa alicheka mpaka akashikilia injini asianguke.

Chepkemboi hakucheka. "Mama, hiyo kitu iko hai. Nilikuambia usiguse."

"Si mimi," Janeffer akasema, akiitazama mikono yake. "Ni hii."

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona ameaibika, na niliumia. Halafu nikakumbuka kwamba alikuwa ameshinda. Ameshuka, ametoka, kilichobaki ni kusema neno moja tu na binti arudi nyumbani. Chepkemboi naye alilijua hilo. Alikuwa ameinamisha kichwa, analingoja.

"Nifunge mikono turudi," Janeffer akasema. "Sijaona kazi yako. Nimeona yangu tu."

Msichana akamwambia kule chini mtu hafungwi. Akafikiri kidogo, kisha akanyoosha mikono yake miwili. Mama akaishika. Wakashuka hivyo, wakitazamana, binti akienda kinyumenyume na kumvuta mama yake, vile mtoto anavyofundishwa kutembea.

Safari hii walikaa. Nilitazama mapovu mpaka nikasahau kutapika. Walipoibuka, Janeffer alivua miwani akawa analia na kucheka pamoja. Alisema ameona samaki wa rangi ambazo hata kwenye leso hazijafika. Ameona kasa akila majani polepole kama ng'ombe wetu wa maziwa, hana habari na mtu. Na ameona Chepkemboi akipita katikati ya vyote hivyo bila kuvitikisa.

"Huyu mtoto anajua kutembea kwa watu," akaniambia, kwa fahari ambayo hakujaribu kuificha.

Tulikaribia ufuo kabla Chepkemboi hajathubutu kuuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa nipange nguo?"

"Panga yangu," mama yake akasema. "Mimi ndio narudi."

Mvua ilipofika na chai ikafufuka, nilimkuta asubuhi moja katikati ya mistari yake, kikapu mgongoni, mikono ameishikanisha kifuani. Nilidhani anaumwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Naangalia kwanza," akasema.

Akaangalia shamba lake lote, mpaka kule chini kwenye mto. Kisha akaiachia mikono ikaanza kazi, nami nikakimbilia mstari wangu, maana huyo ukimwacha atangulie humpati tena.